Sauti Kando ya Shuka

Aliyekosa nafasi mbele ya shuka alikaa nyuma yake. Picha aliiona vilevile, ila imegeuka: aliyeshika jembe kwa mkono wa kulia alionekana amelishika kwa kushoto, na maandishi yalisomeka kinyumenyume kama ya kwenye kioo. Haikumsumbua. Maneno aliyoyahitaji yalitoka kwa mtu aliyesimama kando ya gari, kipaza sauti mkononi. Hivyo ndivyo sinema ya bure ilivyotazamwa uwanjani zama za ukoloni, na huyo mwenye kipaza sauti ndiye ninayetaka kumwandika. Majumba ya sinema ya Dar es Salaam yana watu wanaoyakumbuka na kuyasimulia. Yeye tumemsahau, ilhali bila yeye picha zile zingekuwa mbwembwe za mwanga tu.

Mwanzoni sinema yote ilikuwa ya kutembezwa. Ndugu wawili wa Kifaransa, akina Lumière, walionyesha picha zao kwa kiingilio mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895; ilipofika Julai 1896 mashine yao ilikuwa imeshatua Bombay. Na kutoka Bombay kuja pwani yetu njia ilikuwa ya zamani. Meli zilizoleta nguo na mchele zikaanza kuleta pia watu wenye mashine, shuka na hema. Walifika Zanzibar, wakafunga hema, wakaonyesha, wakafungasha. Hawakuhama kwa kupenda safari. Mwenye filamu chache hawezi kukaa mji mmoja, maana baada ya siku tatu nne kila mtu ameshaziona. Inamlazimu atafute macho mapya.

Mambo yalibadilika filamu zilipoanza kuja kwa mfululizo wa kutosha kulisha jengo. Zanzibar ilipata Royal mwaka 1921, kwa ramani ya John Sinclair, yuleyule aliyechora majengo mengi ya serikali kisiwani. Dar es Salaam ikapata Empire mwaka 1929, na baadaye Avalon, Odeon, Empress, New Chox. Mengi yalikuwa katikati ya mji, kwa Wahindi na Wazungu. Mkazi wa Kariakoo, mtaa uliorithi jina la kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, angeweza kuvuka Mnazi Mmoja kwa miguu akafika mlangoni. Lakini kulikuwa na kiingilio, na kulikuwa na bodi ya ukaguzi iliyopitisha baadhi ya filamu kwa sharti kwamba Mwafrika asionyeshwe. Mlango ulikuwa karibu kuliko ruhusa.

Kwa Mwafrika serikali na wamisheni walikuwa na sinema ya namna nyingine. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, ulianza mradi wa majaribio wa sinema ya elimu ukiongozwa na Meja Notcutt, aliyewahi kusimamia shamba la mkonge. Hadi 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35: za minyoo, za kodi, za soko la kahawa. Moja ilihusu benki ya akiba ya posta. Mtu mmoja anafukia fedha zake ardhini na kuibiwa, mwenzake anazipeleka posta. Lori lao lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, mwendo wa zaidi ya kilomita 14,000.

Safari hiyo iliwezekana kwa sababu ya filamu nyembamba ya milimita 16, iliyoingia sokoni mwaka 1923. Filamu pana za wakati ule zilishika moto kama petroli. Hii nyembamba haikuwaka ovyo, na iliingia kwenye boksi dogo. Sauti ilikuwa kwenye santuri zilizochezwa sambamba na picha, na lugha ya mahali isipokuwamo, mkalimani alishika kipaza sauti. Mradi ulibuniwa na watu walioamini Mwafrika hafai kuona picha waonazo wengine, na hilo halina utetezi. Lakini pale uwanjani, usiku, maneno yalikuwa ya mkalimani.

Baada ya vita kazi hiyo iliendelea, na hapa ndipo historia yetu inanigusa zaidi. Mwaka 1951 kijana aliyekuwa karani wa serikali, Rashidi Mfaume Kawawa, alipewa kuongoza kikosi cha sinema ya kutembea katika kampeni ya kusoma na kuandika. Muda si mrefu akawa ndani ya shuka lenyewe, mchezaji mkuu wa Muhogo Mchungu, filamu ya Kiswahili ya 1952 kuhusu mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam na kukutana na ujanja wa mji. Miaka kumi baadaye, Januari 1962, alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Watu hueleza ustadi wake wa jukwaani kwa kutaja vyama vya wafanyakazi. Mimi naitazama pia ile kazi ya awali.

Fikirini ilivyokuwa. Jenereta imewekwa mbali ili mngurumo usimeze maneno. Kumbikumbi wanacheza kwenye mwali wa mashine. Rili ndogo ya milimita 16 huchukua dakika kama kumi na moja, kisha inakatika, na kwa mashine moja giza linashuka mpaka ya pili ifungwe. Watoto wanapiga mbinja. Dakika hizo ni za msemaji: akinyamaza, umati unaondoka, akijua kusema, unabaki na kumjibu.

Miaka ikapita, uhuru ukaja, lakini Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, kwa hiyo video ilipoingia ilitazamwa kwa pamoja, kwenye vibanda umiza, mabenchi yamebanana na joto la watu. Kanda zilikuwa za Hong Kong, za Bombay, za Marekani. Na msemaji akarudi. Derek Gaspar Mukandala, ambaye wengi wanamjua kama Lufufu, alizitafsiri filamu hizo kwa sauti yake mwenyewe juu ya sauti ya asili: akicheza nafasi zote, akieleza nani ni steringi na nani ni adui. Kanda zake ziliuzwa na kukodishwa kotekote mjini. Wapo waliokuwa wakifika kwenye kibanda na kuuliza kwanza, kabla ya jina la picha: imetafsiriwa na nani?