Juma Bhalo aliiga? Haya, jaribu wewe

Wiki jana niliweka klipu. Nimekaa barazani Kibokoni, nyuma yangu inalia kanda ya bibi, Juma Bhalo anaimba. Komenti ya kwanza: "Huyo si alikuwa anaiba tu nyimbo za Kihindi." Ya pili: "Kama wewe tu, kila siku sauti za watu."

Hiyo ya pili iliniuma, sitadanganya. Niliacha chuo nikiwaambia watu naenda kufanya kitu changu. Sasa kitu changu ni kipi, kama kila vidio naianza na sauti ya mtu mwingine? Nikaona niifuate hii stori ya Bhalo mpaka mwisho.

Tuanze na hili: taarab ya Pwani haijawahi kujifungia nyumbani. Zanzibar waliitazama Cairo. Klabu ya Akhwani Safaa ilianza 1905, na hadi leo taarab ya kule ukiiona jukwaani utakuta safu ya fidla, udi na ganuni. Huku Mombasa, Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, alikamata udi na mtindo wa Kiarabu mpaka jina lake likavuka bahari. Lakini kisiwa hiki kilikuwa pia na sinema. Regal, Naaz, Majestic. Filamu za Bombay zilikuja na nyimbo zake, na watu walitoka ukumbini wakizipiga mluzi njia nzima hadi Mji wa Kale, hata kama Kihindi hawakijui.

Hapo ndipo alipochota Mohamed Khamis Juma Bhalo, ambaye watu walimwita Profesa. Hakuwa wa kwanza kuimba Kiswahili kwa sauti ya Kihindi, lakini ndiye aliyeufanya mtindo huo uonekane wake. Badala ya safu ya fidla unasikia kinanda, tabla, dumbaki, na taishokoto, kale ka chombo ka nyuzi kenye vitufe kama vya taipureta, ambako asili yake ni Japani. Hebu fikiria: chombo cha Japani, sauti ya Bombay, maneno ya Mvita. Halafu mtu anakuambia utandawazi umeletwa na intaneti.

Sasa maneno. Hapa ndipo waliokomenti walipotea.

Maneno mengi aliyoimba yalitungwa na mtu wa ukoo wake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, ambaye diwani yake ya 1971 inaitwa Malenga wa Mvita. Huyu ni kaka yake Abdilatif Abdalla wa Sauti ya Dhiki. Yaani si maneno ya kujazia. Mliosoma ushairi shule mnakumbuka mwalimu akihesabu mizani kwa vidole: nane huku, nane kule, vina vya kati, vina vya mwisho. Chukua sheria hizo zote uziingize ndani ya sauti iliyotungiwa lugha nyingine, kwa filamu nyingine, bila mizani kuvunjika wala maana kupinda. Na iwe Kimvita safi, kile cha "ndoo" badala ya "njoo". Na iwe fumbo, manake taarab haitaji jina la mtu. Anayehusika atajijua mwenyewe, na wa pembeni yake watamjua pia.

Nilijaribu usiku mmoja. Nilichukua sauti moja ya filamu ya zamani nikaandika beti mbili. Mizani zilitosha, vina vikakaa, lakini nilipomwimbia bibi alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniambia kitu ambacho sijakisahau: "Sisi sauti twaijua tangu sinema. Kwa Bhalo twenda kusikiza atanena nini."

Basi. Ukumbi mzima ulikuwa unajua sauti imetoka wapi, na Bhalo hakumdanganya mtu. Sauti ilikuwa mlango tu, na watu waliingia kufuata kilichomo ndani. Mwambie mtu mzima yeyote wa Mji wa Kale neno "Pete" uone uso wake unavyobadilika. Hakumbuki filamu, anakumbuka fumbo.

Kuna upande ambao sitamtetea. Waliotunga zile sauti kule Bombay hawakutajwa kwenye harusi zetu, na sidhani kuna aliyewatumia hata shilingi. Lakini na yeye yalimkuta. Kanda zake zilizouzwa hapa mjini kwa akina Mbwana Radio Service zilinakiliwa na kunakiliwa tena, jirani kwa jirani, na nyingine zikapanda ndege na watu wetu waliokwenda Uarabuni. Bibi mwenyewe anakubali kwamba nusu ya zake ni nakala. Bhalo aliacha kuimba jukwaani 2007, akafariki hapa Mombasa Aprili 2014. Nilikuwa mtoto. Nakumbuka watu wazima barazani wakiwa kimya, sikuelewa kwa nini.

Kwa hivyo jibu langu kwa yule wa komenti ya pili ni hili: umenipata. Si kwa sababu natumia sauti za watu, ila kwa sababu mara nyingi nikishazitumia sina cha kunena. Kuanzia sasa nitataja sauti nimeitoa wapi, na kama sina neno langu la kuweka juu yake, siposti.

Na kanda ya bibi, upande wa pili umeanza kukwaruza. Ijumaa natafuta fundi aniazime redio ya kaseti inayofanya kazi niihamishie kwenye simu. Kama kwenu kuna kanda kabatini, usingoje iliwe na kutu. Muulize mwenyewe ni ya nani, nani alitunga maneno, alilengwa nani. Hilo la mwisho huenda asikwambie.