Mpishi wa Seronera Hakualikwa Kwenye Mjadala

Kuna kitabu chembamba ambacho nikikikuta kwa wauza vitabu vya mitumba hukinunua hata kama ninacho, kisha namgawia mtu. Kinaitwa Tourism and Socialist Development. Mhariri wake ni Issa Shivji, na kilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1973, nyumba ileile iliyokuwa imetoa kitabu maarufu cha Walter Rodney mwaka mmoja kabla. Kwa mwonekano hakivutii. Lakini ndani yake kuna ugomvi mtamu sana, na kila waziri anaposimama kututajia idadi ya watalii na idadi ya ajira, mimi hukikumbuka.

Ugomvi wenyewe ulianza mwaka 1970 kwenye gazeti la The Standard. Serikali ilikuwa ndiyo kwanza imelitaifisha, na Mwalimu Nyerere alikuwa amemkabidhi uhariri Frene Ginwala, mwanamama wa Afrika Kusini ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa Spika wa bunge la kwao. Vijana wa TANU, tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliandika kuhoji: nchi iliyotangaza ujamaa Arusha mwaka 1967 inajenga mahoteli ya nini? Mpango wa Pili wa Maendeleo, wa 1969 hadi 1974, ulikuwa umeupa utalii nafasi kubwa. Shirika la umma la utalii lilikuwa likijenga au kupanga kujenga hoteli kuanzia pwani ya Kunduchi hadi ukingo wa Ngorongoro. Wasomaji wakajibu, vijana wakajibu majibu, na barua zikamiminika wiki baada ya wiki.

Upande wa serikali ulikuwa na hoja nyepesi kueleweka. Tunahitaji fedha za kigeni, tunahitaji kazi, na wanyama tunao. Mwalimu mwenyewe, wakati wa uhuru, alikiri kwamba hana hamu ya kwenda likizo kutazama mamba, ila aliamini kuwa baada ya almasi na mkonge ni wanyama watakaoiletea Tanganyika kipato kikubwa. Vijana wakauliza: kipato kwa nani? Hoteli inajengwa kwa saruji na lifti za kuagizwa, mgeni anakunywa pombe ya kuagizwa, analetwa na ndege ya kwao, na Mtanzania anabaki kubeba begi na kusema asante. Hiyo nayo ni ajira?

Kusema ukweli, nikiwasoma leo naona walikuwa na kiburi kidogo. Walijadili heshima ya mpishi na mhudumu kwa Kiingereza, kwenye gazeti la Kiingereza, na mpishi wa Seronera hakuulizwa kitu. Ningependa kujua angesema nini. Pengine angesema mshahara wa kila mwezi, wenye likizo na pensheni, si jambo la kudharau hata kidogo. Hoteli za Lobo na Seronera, zilizojengwa kwa kuzunguka miamba kana kwamba ziliota hapohapo, zilikuwa mali ya umma na wafanyakazi wake walikuwa watumishi wa shirika la umma. Baadaye zilibinafsishwa.

Lakini kulikuwa na mpango mwingine wa serikali ambao mjadala ule haukuugusa sana, nao kwangu ndio ulioacha alama ndefu zaidi. Mwaka 1963, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kilifunguliwa chuo cha usimamizi wa wanyamapori Mweka. Wakati wa uhuru vyeo vya juu vya hifadhi vilishikwa na Wazungu. Mkurugenzi wa hifadhi za taifa, John Owen, alikuwa Mwingereza. Mweka ilikusudiwa kuwafundisha Waafrika kusimamia hifadhi wenyewe, na haikuwafundisha Watanzania tu. Wahifadhi wa nchi nyingi za Afrika wamepita pale. Hii ni ajira ya aina nyingine kabisa. Mtu anatoka na taaluma, na taaluma haifungwi hata mtalii asipokuja.

Na kweli, ulifika wakati watalii hawakuja. Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inakata roho, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Magari ya utalii ya Kenya yaliyokutwa upande huu yakakamatwa. Tatizo ni kwamba wageni wengi wa Serengeti walikuwa wakiingilia Nairobi. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ulikuwepo tangu 1971, ulijengwa makusudi ili tusitegemee mlango wa jirani, ila mgeni hageuzi njia kwa sababu wewe umejenga uwanja. Hoteli zikabaki na vitanda vitupu. Mapato yalipoporomoka, mafuta na vipuri vya magari ya doria navyo vikawa haba, na majangili wakapata nafasi. Tembo na faru walichinjwa kwa wingi hadi serikali ikalazimika kuingiza jeshi na polisi kwenye Operesheni Uhai mwaka 1989. Mpaka ulikuwa umeshafunguliwa mwaka 1983, ila majeraha yale hayakupona haraka. Njia ya Bologonja, kati ya Serengeti na Maasai Mara, watalii hawajaruhusiwa kuitumia tena.

Hapo vijana wa 1970 walikuwa wameona mbali: kazi inayotegemea mtu wa mbali kupanda ndege inaweza kukatika kwa siku moja. Tuliliona tena juzi tu. Mwaka 2019 tulipokea wageni zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020, korona ilipoingia, wakashuka hadi 620,000 hivi. Arusha waongozaji waliozoea kutaja majina ya ndege kwa Kilatini walikuwa wakiendesha bodaboda.

Sasa wageni wamerudi, na zaidi. Mwaka 2023 tulipita milioni 1.8, na wengi wanaitaja filamu ya Royal Tour ya mwaka 2022 kama sababu. Sawa. Mimi sina ugomvi na filamu. Ninachotaka kwenye hesabu ya ajira ni safu nyingine kwenye jedwali: mkataba wa muda gani, bima ipo au haipo, na nani alihamishwa ili kazi hiyo ipatikane. Wamasai walitolewa Serengeti mwishoni mwa miaka ya 1950 wakaahidiwa Ngorongoro. Tangu mwaka 2022 wengine wamekuwa wakihamia Msomera, Handeni. Mtu aliyepoteza malisho naye aingizwe kwenye hesabu.

Mwaka jana, Moshi, nilizungumza na kijana mmoja anayebeba mizigo mlimani. Wenyewe wanajiita wagumu. Aliniambia mzigo unapimwa getini, kilo 20, na hapo hakuna mchezo, mizani ni ya serikali. Nikamuuliza kuhusu malipo. Akacheka.

"Mzigo wanaupima, kaka. Bahasha hawaipimi."

Halafu akaniuliza kama kwenye gazeti letu kuna nafasi ya udereva.