Ua wa Gereza na Shamba la Pamba: Picha ya Colonie belge na Mkulima wa Bonde la Ruzizi

Picha ya rangi iitwayo Colonie belge, yaani Koloni la Wabelgiji, ilienea sana katika nyumba za watu wa kawaida wa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa katika miaka ya 1970. Mchoraji wake anayejulikana zaidi ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 na kutoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Aliichora mara nyingi, juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Kwa kawaida picha huonyesha ua wa gereza. Mfungwa amelazwa kifudifudi. Askari mweusi anamchapa. Afisa Mzungu amesimama akitazama, na bendera ya Ubelgiji inapepea juu yao. Pembeni wamo wafungwa wengine waliovaa sare za milia, na katika baadhi ya nakala wamo pia wanawake waliokuja kuwatazama watu wao.

Katika picha hiyo hamna jembe wala shamba. Msomaji anaweza basi kudai kuwa inahusu dhiki ya mjini tu, wala haimgusi mkulima. Dai hilo linafaa kupimwa mbali na Lubumbashi, katika bonde la Ruzizi, kaskazini mwa mji wa Uvira, mahali ambapo mto huo hushuka kutoka Ziwa Kivu kuingia Ziwa Tanganyika. Huko pamba ilikuwa zao la shuruti wakati wa ukoloni.

Shuruti hiyo ilikuwa na msingi wa kisheria. Sheria ya mwaka 1917 iliwapa watawala uwezo wa kuwalazimisha wanavijiji kulima mazao yaliyotakiwa na serikali. Mwaka 1921 maeneo ya pamba yaligawiwa makampuni, na mkulima hakuwa na hiari ya kumchagua mnunuzi wala ya kupatana bei. Mwaka 1933 siku za kazi ya lazima ziliwekewa kikomo cha 60 kwa mwaka. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1942, kikomo hicho kilipandishwa hadi 120. Asiyetimiza wajibu wake alitozwa faini au kufungwa. Kosa la shambani lilihukumiwa hivyo katika ua wa gereza, na humo kiboko kilitumika kama adhabu ya kudumisha nidhamu. Kwa hiyo mchoraji hakumsahau mkulima. Alimwonyesha mahali ambapo njia ya pamba iliishia kwa yule aliyeshindwa kuilima au aliyekataa. Sare ya milia imefuta kazi ya mfungwa, kabila lake na kijiji chake, kama vile sheria yenyewe ilivyofanya.

Jina la chombo cha adhabu nalo lina historia yake. Mjeledi huo ulikatwa katika ngozi ya kiboko, na katika Kiswahili umechukua jina la mnyama mwenyewe. Wakazi wa mwambao wa Uvira wamemjua mnyama huyo tangu zamani, maana huishi kwenye mlango wa Ruzizi na pembezoni mwa ziwa. Kwao neno moja lilitaja hatari ya majini na hatari ya serikali.

Jambo la pili linalostahili kuzingatiwa ni mkono unaochapa. Mzungu wa pichani hashiki mjeledi; aushikaye ni Mwafrika. Hapo picha inasema jambo ambalo historia ya taifa iliyoandikwa kwa haraka hupenda kulipita. Kazi ya shuruti haikuweza kuendeshwa bila askari, makarani na machifu wenyeji. Mwezi wa Mei 1964 waasi walipoutwaa mji wa Uvira, wakulima wa Kifuliru wa bonde hilo walikuwa miongoni mwa wafuasi wao wakubwa, na hasira ya wengi wao ilielekezwa kwa utawala wa machifu pamoja na serikali ya mbali. Ni vigumu kuuelewa uasi huo kwa mtu ambaye macho yake yanaishia kwa afisa na bendera.

Katika nakala nyingi kichwa cha picha kinafuatwa na miaka 1885-1959. Kwa juujuu, basi, mateso yamekwisha. Na kweli adhabu ya kiboko ilifutwa mwaka 1959. Lakini picha ilinunuliwa na kutundikwa ukutani katika enzi ya Mobutu, wakati ambapo raia walilazimishwa tena kufanya kazi za umma zilizoitwa salongo. Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, waliochunguza uchoraji huo, walieleza kwamba wenyeji waliziita picha za namna hii ukumbusho. Neno hilo halitokani na kukumbuka bali na kukumbusha: picha haihifadhi tu jambo lililopita, humfanya mtazamaji alikumbuke na kulizungumza. Tshibumba mwenyewe, katika mazungumzo yake na Fabian ya mwaka 1973 na 1974, alisimulia kwa Kiswahili mfululizo wa picha zaidi ya 100 za historia ya nchi yake. Picha zilihitaji maneno, na maneno yalihitaji picha.

Hata hivyo ukumbusho huu una upungufu. Mwanamke yumo kama mgeni wa gerezani, ilhali mume alipofungwa yeye ndiye aliyebaki na shamba la chakula, palizi ya pamba na watoto. Kazi hiyo haikupata mchoraji. Mtafiti wa historia ya Ruzizi ataifikia kwa kuwasikiliza wazee wa bonde hilo, hasa wanawake, kwa Kiswahili na kwa lugha zao, huku picha ya Colonie belge ikiwa mbele yao ili nao waseme ni kitu gani kimeachwa nje ya ua huo.