Bernat de Cabrera: Mshauri wa Mfalme na Kifo Chake, 1347–1364

Bernat de Cabrera, kabaila wa Catalonia aliyezaliwa mwaka 1298, alikuwa amejitenga na mambo ya dunia katika monasteri ya Breda pale Mfalme Pere wa Aragon alipomwita barazani mwaka 1347. Mfalme alikuwa taabani. Makabaila wa Aragon walikuwa wamefufua Muungano wao, wakidai haki walizopewa mwaka 1287. Mojawapo ilikuwa kwamba mfalme asimwadhibu mwanamuungano yeyote bila hukumu ya jaji mkuu wa Aragon na idhini ya bunge.

Cabrera alishauri wapinzani wagawanywe: baadhi yao wavutwe upande wa mfalme, waliosalia wakabiliwe kwa silaha. Julai 1348 Muungano ulishindwa vitani huko Épila, na haki zile zikafutwa. Husimuliwa kwamba mfalme aliichana hati yake kwa jambia.

Tangu hapo nyota ya Cabrera iling’ara. Mwaka 1353 aliongoza merikebu za vita, akishirikiana na Venice, akawashinda Wagenoa karibu na Alghero, kisiwani Sardinia. Alikabidhiwa pia malezi ya Joan, mrithi wa ufalme. Hata hivyo, vita dhidi ya Castile, vilivyoanza mwaka 1356, viliuchosha ufalme. Cabrera alipendelea suluhu. Mahasimu wake, akiwamo Malkia Elionor, waliiita suluhu hiyo usaliti. Mwaka 1364 alikimbia, akakamatwa, na tarehe 26 Julai akakatwa kichwa mjini Zaragoza.

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Methali hiyo yaeleza ubaya wa tendo, lakini haielezi jinsi lilivyowezekana. Ni kweli kwamba kinga ya mwaka 1287 ilikuwa ya watu wa Aragon, wala haikumhusu Mkatalani huyu. Lakini kuvunjwa kwa Muungano kulimwondolea mfalme kizuizi kikubwa, na Cabrera ndiye aliyemwonyesha jinsi makabaila wanavyoweza kutengwa mmoja mmoja. Yeye mwenyewe alipotengwa, cheo chake kilikuwa kimesimama juu ya radhi ya mfalme pekee.

Miaka mingi baadaye Pere huyo huyo alikiri kwamba hukumu ile haikuwa ya haki, akamrudishia mjukuu wa Cabrera sehemu kubwa ya mali ya ukoo. Hata urejesho huo ulitoka katika hisani ya mfalme, wala haukutoka katika sheria.