Kabla ya ndege ya Amref kukata keki

Mwaka 2027 shirika la afya la Amref litatimiza miaka 70 tangu kuanzishwa. Si vigumu kubashiri sherehe zitakavyokuwa: fulana, kofia, hotuba za wageni rasmi, na ile picha ya ndege ndogo ikitua porini huku vumbi likitimka. Picha hiyo ina haki yake ukutani. Hofu yangu ni kwamba itatuziba macho tusione kazi ambayo waasisi wa shirika hilo waliijua kuliko zote, nayo ni kurekebisha nyuso, zikiwemo za watoto waliozaliwa na mdomo sungura.

Watu wengi wakisikia habari za madaktari wanaoruka wa Amref hufikiria mgonjwa mahututi anayekimbizwa Nairobi. Wachache wanakumbuka kwamba watu watatu waliopanga mambo hayo mwaka 1956, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wote walikuwa madaktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Mkubwa wao alikuwa Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, aliyejipatia jina katika hospitali ya East Grinstead, Uingereza, kwa kuwatengeneza upya marubani walioungua nyuso katika Vita Kuu ya Pili. Michael Wood, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, alikwenda kujifunza kwake. Tom Rees, Mmarekani, naye alipita mikononi mwake. Mwaka uliofuata shirika likazaliwa. Wood alikuwa na shamba Ol Molog, upande wa magharibi wa mlima, na ndege aliirusha mwenyewe.

Amref yenyewe hueleza kwamba wakati huo Afrika Mashariki ilikuwa na daktari mmoja kwa kila watu 30,000, ilhali Uingereza alikuwapo mmoja kwa kila 1,000. Hao ni madaktari wa kawaida tu, hatujagusa bingwa wa kushona mdomo. Mtoto wa Wamasai aliyezaliwa na mpasuko wakati ule alikua nao, akaoa au akakosa kuoa nao, akazikwa nao. Ndege ilileta jambo jipya: daktari anashuka kwenye hospitali ya misheni, anakuta wagonjwa wamekwisha kusanywa kwa taarifa za redio, anapasua siku mbili tatu, anaondoka.

Wood na Rees wote waliandika vitabu vya kumbukumbu, na vinasisimua. Tatizo la vitabu vya aina hiyo ni kwamba habari husimuliwa na anayeshuka kutoka angani. Muuguzi aliyebaki wodini, akatoa nyuzi, akamfundisha mama kumlisha mtoto kwa kijiko, hakuandika kitabu. Ukisoma historia hii kwa kumfuata rubani peke yake, utaamini kwamba shida ilikuwa umbali.

Umbali ulikuwa nusu ya shida. Mpasuko wenyewe hutokea katika wiki za mwanzo za ujauzito, pale pande za uso wa mtoto zinaposhindwa kukutana na kuungana. Duniani hukadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya kila 700 hivi. Sababu ni mchanganyiko wa urithi na mazingira. Si laana, si mke kutoka nje ya ndoa, wala si jicho la jirani, ingawa bado kuna akina mama wanaorudishwa kwao kwa tuhuma hizo. Mdomo ukipasuka peke yake, mtoto anaweza kunyonya kwa kusaidiwa. Kaakaa likipasuka ni balaa jingine. Hawezi kufyonza, maziwa yanatokea puani, anapaliwa, uzito haupandi. Na bila uzito hapasuliwi. Kipimo cha miaka mingi ni kumi tatu: wiki 10, ratili 10, na wekundu wa damu gramu 10. Wengi wa watoto wetu hukwama kwenye ratili, na hilo halimalizwi na kisu cha mtu yeyote.

Kisu chenyewe kina historia ndefu. Kumbukumbu za Kichina zinamtaja kijana wa karne ya 4, Wei Yangchi, aliyekatwa na kushonwa mdomo, kisha akaamriwa anywe uji mwepesi na asicheke wala kuzungumza kwa siku 100. Alivumilia, na baadaye akawa mtu wa cheo. Mbinu inayotumika zaidi leo ilitokana na Ralph Millard, daktari wa jeshi la Marekani aliyekuwa Korea. Badala ya kuvuta kingo mbili zikutane kwa nguvu, aliuzungusha upande mmoja wa mdomo kushuka chini na kuusogeza ule mwingine kujaza nafasi, hata kovu likalala kando ya mfereji ambao kila mtu anao chini ya pua. Aliiwasilisha Stockholm mwaka 1955, kwa hiyo akina Wood walikuwa wanaanza safari zao mbinu ikiwa bado mbichi.

Miaka iliyofuata nchi zetu zikapata uhuru, hospitali za rufaa zikajengwa, na misafara ya madaktari wa kujitolea kutoka ng'ambo ikaongezeka. Huko Marekani, Donald Laub wa Chuo Kikuu cha Stanford alianzisha Interplast mwaka 1969. Mwaka 1982 William Magee na mkewe Kathleen walifika Naga, Ufilipino, na kundi la madaktari. Walipasua watoto wapatao 40, lakini familia zipatazo 300 zilikuwa zimepanga foleni. Waliorudishwa bila tiba ndio waliozaa Operation Smile, shirika lililofika Kenya mwaka 1987.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, na mpaka leo ndio unaoamua mtoto wa Sumbawanga au Lodwar atatibiwa vipi.

Ndani ya Operation Smile alikuwamo Brian Mullaney, mtu wa matangazo ya biashara wa New York, pamoja na tajiri wa kompyuta Charles Wang, mzaliwa wa Shanghai. Hawakuridhika. Hoja yao ilikuwa ya kibiashara na ilichoma: gharama ya kusafirisha madaktari, wauguzi na masanduku ya vifaa kutoka Marekani kwa wiki moja ingetosha kuwalipia madaktari wenyeji wapasue mwaka mzima. Operation Smile nao walikuwa na jibu: mahali ambapo hakuna mtaalamu kabisa, utamlipa nani? Mwaka 1999 wawili hao wakaanzisha Smile Train, isiyopeleka madaktari bali fedha, mafunzo na vifaa kwa hospitali za wenyeji. Mwaka huohuo, mwezi Novemba, gazeti la New York Times likachapisha habari ndefu iliyohoji usalama wa baadhi ya misafara ya Operation Smile, na moto ukapata petroli.

Mullaney aliijua kazi yake ya matangazo. Picha ya mtoto kabla na baada, dola 250, dakika 45: mtoaji wa Marekani alielewa bila kufafanuliwa. Mwaka 2009 filamu fupi iliyomfuata Pinki, msichana wa kijijini Uttar Pradesh aliyepasuliwa Varanasi na daktari Mhindi kupitia Smile Train, ilitwaa tuzo ya Oscar. Aliyeshika kisu katika filamu ile hakutoka ng'ambo, na nadhani hilo lilikuwa na uzito kuliko tuzo yenyewe. Februari 2011 Smile Train na Operation Smile yakatangaza kuungana. Haukupita muda mrefu, ndoa ikavunjika kabla ya harusi, baada ya kelele za wafadhili. Mullaney akaenda kuanzisha shirika lingine, WonderWork, ambalo mwishoni mwa 2016 liliomba kinga ya ufilisi mahakamani. Mhubiri wa uendelevu hakudumu.

Nani alikuwa sahihi? Kwa maoni yangu, Smile Train ilishinda hoja. Hata Operation Smile imejenga vituo vya kudumu, kama kile cha Guwahati nchini India. Lakini hoja iliyoshinda ilikuja na kasoro yake. Ukilipa hospitali kwa kila mdomo ulioshonwa, kitakachohesabika ni midomo. Mtoto mwenye mpasuko wa kaakaa anahitaji zaidi ya hapo: lishe kabla ya kisu, mtaalamu wa usingizi anayewajua watoto wachanga, kipimo cha masikio, daktari wa meno, na mtu wa kumfundisha kutamka. Smile Train imeanza kulipia lishe na tiba ya usemi, jambo la kusifiwa, ingawa lilipaswa kuwamo tangu siku ya kwanza.

Kwetu hatua zimekuwapo, na zinatajwa mara chache. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, COSECSA, chenye makao Arusha, nacho kilianza 1999, na kinawafundishia madaktari katika hospitali zilezile wanazofanyia kazi. Makerere ilianza shahada ya tiba ya usemi mwaka 2008. Hospitali ya CCBRT pale Msasani, Dar es Salaam, inapokea watoto wa mpasuko mwaka mzima, si kwa wiki ya kampeni. Amref nayo imeendelea na upasuaji wa kurekebisha maumbile mikoani, na miongoni mwa waliouongoza ni Mwethiopia, Dk. Asrat Mengiste. Kutoka Wood hadi Asrat ni safari ambayo ingefaa kuwekwa kwenye bango la sherehe badala ya ndege.

Linaloniudhi ni kwamba fedha ya kazi hii bado inatoka nje. Serikali zetu zinajenga majengo ya wodi na kununua mashine, kisha zinawaachia wafadhili watoto hawa kana kwamba si raia. Nafasi ya ajira kwa mtaalamu wa usemi katika hospitali ya mkoa ni kitu ambacho wazazi wengi hawajawahi kukisikia. Mtoto anashonwa vizuri, anafika darasa la kwanza, anajibu swali la mwalimu kwa sauti ya puani, darasa linacheka, anaacha kunyoosha kidole.

Kwa mzazi anayesoma hapa: mtoto akizaliwa na mpasuko, usisubiri akue na usisubiri msafara wa wageni. Mpeleke hospitali wiki hiyohiyo ufundishwe kumlisha. Mdomo hushonwa kuanzia miezi mitatu, kaakaa kati ya miezi 9 na 18, kabla hajazoea kusema vibaya. Katika hospitali zinazoshirikiana na Smile Train mzazi hatozwi gharama ya upasuaji, na akidaiwa ana haki ya kuuliza kwa nini.