Unapopigwa kalamu: Haki zako na njia ya kurejea kazini

Uchumi unapoyumba, anayeumia kwanza ni mfanyakazi. Mauzo hupungua, riba ya mikopo hupanda, na mwajiri hutafuta mahali pa kukatia gharama. Wakenya wameyaona hayo mara nyingi. Katika miaka ya 1990 maelfu ya watumishi wa serikali walirejeshwa nyumbani wakati wa mageuzi ya kiuchumi yaliyoshinikizwa na wafadhili. Mwaka 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi ziliwafukuza watalii, na hoteli za Pwani zikabaki na vitanda vitupu. Mwaka 2020, janga la korona lilifunga masoko ya maua barani Ulaya na wafanyakazi wengi wa mashamba ya Naivasha wakaambiwa wasubiri nyumbani bila mshahara.

Kila msukosuko wa aina hiyo huwakuta watu wale wale hawajajiandaa. Barua hutolewa jioni, mfanyakazi hutia saini huku mkono ukitetemeka, kisha hugundua baada ya miezi kadhaa kwamba aliacha haki yake mezani. Makala haya yanaeleza mambo ambayo anayepunguzwa kazini anafaa kuyajua tangu siku ya kwanza.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hutofautisha kufutwa kwa sababu ya utovu wa nidhamu na kupunguzwa kwa sababu kazi imekwisha. Anayepunguzwa hana kosa. Nafasi yake ndiyo iliyoonekana kuwa haihitajiki tena. Kwa hivyo hapaswi kuondoka kama mkosaji, wala mwajiri hana ruhusa ya kuitumia njia hii kumwondoa mtu asiyempenda.

Kifungu cha 40 cha sheria hiyo kinaweka masharti ambayo mwajiri sharti ayatimize. Ikiwa mfanyakazi ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, chama hicho pamoja na afisa wa leba wa eneo husika hujulishwa sababu na kiwango cha upunguzaji huo angalau mwezi mmoja kabla. Asiye mwanachama hujulishwa yeye mwenyewe kwa maandishi, na afisa wa leba pia hupewa habari.

Katika kuchagua nani aondoke na nani abaki, mwajiri hana budi kuzingatia muda ambao kila mmoja ametumikia, ujuzi wake, uwezo wake na jinsi anavyotegemewa kazini. Iwapo kuna mkataba wa pamoja unaotaja malipo ya kuondoka, mfanyakazi hawezi kupunjwa kwa sababu ni mwanachama au si mwanachama wa chama.

Mahakama pia zimesisitiza kwamba taarifa hiyo ya mwezi mmoja si ada tupu. Katika kesi iliyotokana na hatua ya shirika la ndege la Kenya Airways kuwaachisha kazi zaidi ya wafanyakazi 400 mwaka 2012, Mahakama ya Rufaa ilieleza mwaka 2014 kwamba mwajiri lazima awe na sababu halali ya kupunguza wafanyakazi na pia afuate utaratibu wa haki. Kukosa kimoja kati ya hivyo viwili kunatosha kumtia mwajiri hatiani.

Hesabu ya malipo

Anayepunguzwa ana haki ya kulipwa mambo manne: mshahara wa siku alizofanya kazi mwezi huo, fedha za siku za likizo ambazo hakuzichukua, notisi ya angalau mwezi mmoja, au mshahara wa mwezi mmoja badala yake, na malipo ya kuachishwa kazi yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliokamilisha.

Tuchukue mfano wa karani anayelipwa Sh36,000 kwa mwezi, ambaye ametumikia kampuni kwa miaka 7 na miezi 4 na ana siku 14 za likizo. Mshahara huo ukigawanywa kwa siku 30, kila siku ni Sh1,200. Siku 15 ni Sh18,000, na kwa miaka 7 kamili ni Sh126,000. Ile miezi 4 ya ziada haihesabiwi. Likizo ni Sh16,800. Ikiwa hakupewa notisi, huongezewa Sh36,000. Jumla ni Sh178,800 kabla ya kodi, mbali na mshahara wa siku za mwisho. Hiki ndicho kiwango cha chini. Mkataba wako waweza kukupa zaidi. Omba uonyeshwe hesabu kwa maandishi, ikiwemo jinsi malipo ya siku moja yalivyopatikana.

Kabla ya kutia saini

Waajiri wengi huambatanisha hundi na hati ya kukiri kwamba umelipwa yote na hutadai tena. Hati hiyo ina uzito mahakamani ikiwa uliitia saini kwa hiari yako. Basi usiitie kwa haraka. Omba siku moja au mbili, uisome nyumbani, umwonyeshe mwakilishi wa chama au wakili.

Dai pia cheti cha utumishi. Sheria inamtaka mwajiri kumpa kila aliyetumikia zaidi ya majuma manne cheti kinachoonyesha tarehe ya kuanza na kumaliza kazi, pamoja na aina ya kazi aliyoifanya. Mwajiri halazimiki kusifu tabia au bidii yako, lakini cheti chenyewe hawezi kukunyima. Bila cheti hicho, itakuwa vigumu kumthibitishia mwajiri mwingine tajriba yako.

Ukiona umedhulumiwa, waweza kuwasilisha malalamiko kwa afisa wa leba katika muda wa miezi 3 tangu ulipoachishwa kazi. Kesi katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kikazi hufunguliwa kabla ya miaka 3 kupita. Mahakama hiyo yaweza kuamuru ulipwe fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12.

Nyumbani: Mambo ya kufanya mwezi wa kwanza

Kenya haina hazina ya umma inayomlipa aliyepoteza kazi mshahara wa kila mwezi anapotafuta nyingine, kama ilivyo katika baadhi ya mataifa ya Ulaya. Fedha ulizoondoka nazo ndizo ngao yako. Makosa makubwa hufanyika katika majuma machache ya kwanza, wakati ambapo benki ina salio kubwa kuliko ulivyowahi kuliona.

Jambo la kwanza ni kuiambia familia ukweli. Wako wanaovaa suti kila asubuhi na kushinda kwenye bustani za mjini ili mke au mume asijue. Waliosema mficha uchi hazai hawakukosea. Huwezi kupunguza matumizi ya nyumba ambayo wenyeji wake hawajui kwamba mapato yamekatika.

Pili, orodhesha matumizi ya lazima: chakula, kodi ya nyumba, karo na matibabu. Gawanya fedha ulizonazo kwa jumla hiyo ujue zitakufikisha mwezi gani. Karani wa mfano wetu, akitumia Sh25,000 kwa mwezi, ana takriban miezi 7 hata kabla ya kodi kukatwa. Akinunua gari kuukuu la biashara asiyoijua, huenda asiwe na hata mwezi mmoja.

Tatu, nenda kwa wanaokudai kabla hawajakujia. Benki na chama cha akiba na mikopo huweza kupanga upya marejesho kwa mteja aliyejieleza mapema. Kumbuka kwamba katika chama, mkopo ukikwama wanaoumia ni wadhamini wako, ambao mara nyingi ni wenzako wa ofisini waliobaki na hofu yao wenyewe. Nao akiba yao hufungwa.

Nne, usiyategemee mafao ya uzeeni. Akiba ya Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni, NSSF, hulipwa mtu anapofikia umri wa miaka 60, au 50 ikiwa ameacha kabisa kazi ya kuajiriwa. Mwenye miaka 35 atasubiri. Bima ya afya nayo inahitaji kuangaliwa upesi. Tangu Oktoba 2024, mfumo wa SHIF ulichukua mahali pa NHIF, na mchango uliokuwa ukikatwa kwenye mshahara hukoma pamoja na mshahara wenyewe. Jisajili upya kama mtu asiyeajiriwa, usije ukakuta mlango wa hospitali umefungwa.

Kutafuta kazi

Watafiti waliochunguza kijiji cha Marienthal nchini Austria, baada ya kiwanda chake cha nguo kufungwa katika mdororo wa uchumi uliotanda duniani kote, walichapisha matokeo yao mwaka 1933. Waligundua kwamba wanaume waliokosa kazi walitembea polepole zaidi barabarani, na wanakijiji waliazima vitabu vichache kuliko awali ingawa sasa walikuwa na muda tele. Somo lake lingali hai: saa zisizo na mpango huvunja moyo. Amka wakati ule ule wa zamani, na uyatenge masaa ya asubuhi kwa kutafuta kazi.

Andika wasifukazi wa kurasa mbili au tatu. Usiorodheshe vyeo pekee. Eleza ulichokifanya na matokeo yake. Barua ya kuomba kazi iandikiwe kila nafasi peke yake, ikijibu yale yaliyotajwa kwenye tangazo. Unapoulizwa katika mahojiano sababu ya kuondoka, sema kwa ufupi kwamba kampuni ilipunguza wafanyakazi, kisha uyaelekeze mazungumzo kwenye ujuzi wako. Usimseme vibaya mwajiri wa zamani.

Nafasi nyingi hujazwa kabla ya kutangazwa. Wajulishe uliosoma nao, wateja uliowahudumia, majirani na wenzako wa zamani kwamba unatafuta kazi, na uwaambie ni kazi ya aina gani. Kibarua cha muda au mkataba mfupi usiudharau, kwa maana mchagua jembe si mkulima, na aliye ndani ya ua huona nafasi mapema kuliko aliye nje.

Jihadhari na matapeli, kwa kuwa nao hustawi wakati wa dhiki. Mwajiri wa kweli hakudai "ada ya mahojiano" kwa njia ya simu. Ukiahidiwa kazi ya ng'ambo, hasa katika nchi za Ghuba, hakikisha kwamba wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na usome mkataba kabla ya kulipa chochote au kukabidhi pasipoti yako.

Wako watakaoamua kujiajiri. Njia hiyo ni njema kwa anayeanza na kazi anayoijua, kwa mtaji mdogo anaoweza kuupoteza bila watoto kulala njaa. Asiweke malipo yake yote katika biashara moja.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hata hivyo, mhunzi anayetaka kufua tena huanza kwa kuhesabu vyuma vilivyobaki. Anayepigwa kalamu leo na akaidai haki yake, akaitunza akiba yake na kuwaambia ukweli wa nyumbani mwake, huwa ameokoa kile ambacho barua ya mwajiri haikuweza kukichukua.