Kipande cha Ngoma Kilivyogeuka Wimbo

Wimbo wa dakika 3, ukienda kwa kasi ya mapigo 90 kwa dakika, una mapigo 270. Ukiujenga juu ya kipande kimoja cha ngoma chenye mapigo 8, kipande hicho kitajirudia karibu mara 34 kabla wimbo haujaisha. Mchezaji hupenda marudio hayo, lakini msikilizaji aliyekaa kitini huyachoka upesi. Waliotaka kutengeneza nyimbo kwa vipande vifupi walilazimika kuwaridhisha wote wawili, na haikuwa kazi ya siku moja.

Jibu la kwanza tunalipata Kingston, Jamaika. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wapiga muziki wa mitaani walianza kupiga santuri zilizoondolewa sauti ya mwimbaji, zikabaki besi na ngoma, na watu kama U-Roy wakapata nafasi ya kughani juu yake. Miaka michache baadaye Osbourne Ruddock, aliyejulikana kama King Tubby, aliupeleka mtindo huo mbali zaidi. Alikuwa fundi wa redio na vyombo vya umeme, na meza ya kuchanganyia sauti aliitumia kama ala: anazima gitaa, anaacha besi peke yake, kisha gitaa linarudi na mwangwi. Mdundo ulikuwa ule ule, bila noti mpya hata moja, ila msikilizaji alisikia safari. Tuliweke akilini jambo hili, kwa kuwa wengi hudhani wimbo hukua kwa kuongezewa vitu tu.

Wakati huo, New York ilikuwa na kijana aliyezaliwa Kingston, Clive Campbell, yaani DJ Kool Herc. Tarehe 11 Agosti 1973 dada yake, Cindy, aliandaa dansi katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, mtaa wa Bronx, ili apate fedha za nguo za shule. Katika madansi ya namna hiyo Herc aligundua kwamba vijana walikuwa wakisubiri sehemu moja tu ya santuri, pale waimbaji wanaponyamaza na ngoma kubaki peke yake. Sehemu hiyo ilidumu sekunde chache. Akatafuta nakala mbili za santuri moja, na ya kwanza ilipomaliza kipande hicho, aliingiza ya pili.

Kwa nini jambo hili lilianza Bronx? Wapo wanaosema ni umaskini: shule zilipoteza walimu wa muziki, vijana wakakosa ala, wakageukia santuri. Maelezo hayo yana ukweli, lakini tarehe zinayapunguza nguvu, kwa kuwa msukosuko mkubwa wa fedha wa jiji hilo ulifikia kilele mwaka 1975, dansi zikiwa tayari zimeshika kasi. Wengine huitaja Jamaika. Kweli, Herc alileta spika nzito na desturi ya kupiga kelele kwenye kipaza sauti. Ila alihama akiwa na miaka 12, kabla kazi ya Tubby haijakomaa, na santuri alizozipiga zilikuwa za James Brown na wenzake. Mimi nawapa wachezaji sifa ya kwanza, kwani wao ndio waliochagua kipande.

Aliyefuata, Joseph Saddler au Grandmaster Flash, alikuwa amesomea mambo ya umeme. Alichora alama kwa kalamu ya rangi juu ya santuri, akawa anajua airudishe mizunguko mingapi ili kipande kianze pale pale bila pigo kupotea.

Hata hivyo, kipande mikononi mwa DJ hakina mwisho, ilhali santuri ya dukani lazima iishe. Mwaka 1979 Sylvia Robinson wa New Jersey alitoa “Rapper’s Delight”, ambamo wanamuziki walirudia mdundo wa “Good Times” wa kundi la Chic kwa karibu dakika 15 huku vijana watatu wakipokezana maneno. Kwa maoni yangu ile ilikuwa dansi iliyokatwa kichwa na mkia. Mwaka uliofuata, “The Breaks” ya Kurtis Blow ilikuwa na kiitikio, na tena palikuwa na mahali ambapo vyombo vingine vilinyamaza na kuiachia ngoma uwanja.

Mwaka 1987 kampuni ya E-mu ya Kalifornia ilitoa mashine ya SP-1200, iliyoweza kunasa sauti kwa sekunde 10 tu. Kwa kasi yetu ya mapigo 90, hizo hazitoshi hata mapigo 16. Maprodyuza wakabuni ujanja: santuri ya mizunguko 33 waliipiga kwa mizunguko 45, wakainasa ikiwa inakimbia, kisha mashine ikairudisha kwenye kasi yake. Sauti ilitoka na mkwaruzo mzito, na mkwaruzo huo ukapendwa.

Mashine hiyo pia iliweza kupanga vipande kwa foleni, na hapo ndipo hesabu ya wimbo ilipokaa sawa. Ubeti mmoja ulipewa vipimo 16 vya mapigo manne, kiitikio vipimo 8. Beti tatu na viitikio vitatu, kwa mapigo 90, ni dakika 3 na sekunde 12, urefu unaoipendeza redio. Ndani ya mpango huo prodyuza alifanya kazi ya Tubby: besi inatoka kabla ya kiitikio, ngoma inakatika mwanarapa anapofikia neno lake zito.

Desemba 1991 mahakama ya New York iliamua dhidi ya mwanarapa Biz Markie, aliyechukua kipande cha wimbo wa Gilbert O’Sullivan bila idhini. Kuanzia hapo kila kipande kikawa na bei, na wengi wakaanza kuvikata vidogo zaidi au kupiga vyao wenyewe.

Mwishoni mwa 1997 Image-Line ya Ubelgiji ikatoa programu ya FruityLoops, na kazi ya mashine ghali ikahamia kwenye kompyuta ya chumbani, Dar es Salaam ikiwamo. Huko Uswahilini, kwenye vigodoro, yaani sherehe za mtaani za usiku kucha, vya Manzese na Tandale, ma-DJ walichukua vipande vya ala za taarabu, wakavirudiarudia na kuvikimbiza hadi mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Ndiyo singeli. Kwa kasi hiyo kipimo cha mapigo manne hakizidi sekunde 1.2, na mghani huendelea usiku kucha kadiri pumzi yake na ari ya wachezaji zinavyomruhusu. Singeli ilipoingia redioni, na mwaka 2016 Man Fongo akavuma na “Hainaga Ushemeji”, watu walishika kiitikio kwanza.